UNAOGOPA NINI? YESU YUMO MTUMBWINI

Kijana, karatasi hii umepewa bure. Usiitupe, wala usifungie karanga. Isome kwanza mpaka mwisho, halafu fanya unavyotaka.

Nina swali moja. UNAOGOPA NINI?

Usinijibu haraka kwamba huogopi kitu. Kijana akiulizwa hivyo kijiweni mbele ya wenzake lazima aseme haogopi. Mimi nakuuliza ukiwa peke yako, saa nane ya usiku, bundi analia juu ya mwembe na usingizi umekataa. Hapo unaogopa nini? Wako wanaoogopa uchawi na majini. Kuna aliyekwenda kupima, majibu anayo, na hajamwambia mtu. Yuko binti anayehesabu siku na hesabu haikubali. Yuko anayemwogopa baba yake. Tena yuko anayeogopa KUOKOKA! Ndiyo, wewe. Kila jioni unakuja mkutanoni, lakini unasimama kule nyuma ya mkorosho, gizani, ili jamaa zako wasije wakakuona. Karatasi hii ni yako zaidi kuliko ya mtu mwingine.

Wengine huivutia bangi hiyo hofu. Wengine huinywea mnazi. Asubuhi inakuwepo palepale, imekaa mlangoni inakusubiri.

SISI TUNAIJUA HOFU

Mtu wa Rufiji hahitaji kufundishwa hofu. Waulize wakubwa zako habari za miaka ya 2002 mpaka 2004, simba mmoja alipokuwa anakula watu katika vijiji vya Rufiji. Watu wakampa jina Osama. Alihesabiwa kuwa ameua watu zaidi ya 30 kabla hajapigwa risasi mwezi wa Aprili 2004. Siku zile kulinda mpunga usiku ilikuwa ni kuuza roho yako, na usipoulinda nguruwe wanaumaliza, na watoto watakula nini?

Ikaja hofu nyingine iliyo mbaya kuliko simba, maana hii ilikuwa na miguu miwili. Kati ya mwaka 2015 na 2017 huku kwetu Kibiti, Rufiji na Mkuranga watu waliuawa kwa risasi: wenyeviti wa vijiji, wenyeviti wa vitongoji, watendaji, askari. Mtu akigongewa mlango usiku haitikii. Pikipiki zikapigwa marufuku kuanzia saa 12 jioni. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi 8 waliviziwa ndani ya gari lao wilayani Kibiti, wakauawa. Na tarehe 21 Novemba mwaka huohuo mwandishi wa habari Azory Gwanda alichukuliwa Kibiti, hajaonekana tena mpaka leo. Zipo nyumba zilizozika, na zipo nyumba ambazo hazijui hata zikalilie kaburi gani. Waliokufa walikuwa wa dini zote. Jeneza haliulizi.

Halafu maji. Aprili 2024 Mto Rufiji ulifurika ukaingia mashambani na majumbani. Watu hawajamaliza kuanika magodoro, tarehe 4 Mei Kimbunga Hidaya kikaipiga pwani yetu. Wewe mwenyewe ulikuwepo. Unajua ulikuwa umeshika nini mkononi usiku ule, na uliita jina la nani.

Kwa hiyo mimi sikuambii usiogope kana kwamba hakuna cha kuogopesha. Kipo. Nataka kukuonyesha mtu aliyelala usingizi katikati ya hofu ya namna hiyo.

MTU ALIYELALA

Soma Injili ya Marko sura ya 4, kuanzia mstari wa 35. Jioni moja Yesu aliwaambia wanafunzi wake wavuke kwenda ng'ambo. Petro, Andrea, Yakobo na Yohana walikuwa wavuvi wa kazi. Bahari ile waliijua kama kijana wa delta anavyoijua mikono ya mto na mikoko yake; wanajua wapi kuna kina, wapi kuna mchanga. Katikati ya safari upepo ukapiga, mawimbi yakapanda, chombo kikaanza kujaa. Na Yesu? Amelala nyuma ya chombo, kichwa chake kiko juu ya mto. (Mto wa kulalia, ndugu yangu, siyo Mto Rufiji!)

Hebu tazama jambo moja hapo. Nani aliyetoa wazo la kusafiri? Ni Yesu mwenyewe. Hawakukumbwa na dhoruba kwa sababu walikosea njia. Walikumbwa nayo kwa sababu WALITII. Basi mtu akikuambia ukiokoka hutaumwa tena, hutafukuzwa kazi, mtumbwi wako hautaingia maji, mtu huyo anakudanganya, hata kama ameshika Biblia kubwa na sauti yake imekauka kwa kuhubiri. Wengine wanafika mahali pa kuuza mafuta na vitambaa ili mtu avitundike mlangoni. Hiyo ni hirizi! Imebadilishwa jina tu. Mganga anakufungia kwenye kitambaa cheusi, huyu anakufungia kwenye chupa. YESU SI HIRIZI. Hirizi unaivaa ili jambo lisikupate. Yesu anaingia chomboni pamoja nawe, na likikupata wewe limempata na yeye.

Wavuvi wale walimwamsha kwa kelele, wakilalamika kwamba yeye amelala wakati wao wanakufa. Yalikuwa maombi mabaya. Hayakuwa na adabu, hayakuwa na imani. Lakini aliamka! Akaukemea upepo, bahari ikatulia kama maji ya kisima. Kijana, kama hujui kuomba, omba hivyo hivyo. Piga kelele. Hakuwahi kumtupa majini mtu aliyemwamsha kwa fujo.

Na kitu kingine ambacho wasomaji wengi hukiruka: mstari wa 36 unasema kulikuwa na vyombo vingine pamoja nao. Bahari ilipotulia, ilitulia na kwa hao wengine pia, ambao pengine hawakujua hata ni nani aliyewatulizia. Mama yako, ambaye leo anakukataza kuja mkutanoni, huenda yumo katika chombo kile cha pili.

LAKINI YAKOBO ALIKUFA

Sasa nifike mahali pagumu. Wahubiri wengi hapa hupita mbio, mimi sipendi kupita mbio kwa sababu najua kuna mtu anasoma huku moyoni anasema: "Mbona ndugu yangu mimi aliomba, na akauawa?"

Katika chombo kile alikuwemo Yakobo, ndugu yake Yohana. Yakobo aliokolewa na dhoruba kwa macho yake. Miaka ikapita. Fungua Matendo ya Mitume sura ya 12. Mfalme Herode anawashika watu wa kanisa, na Yakobo huyohuyo ANAUAWA KWA UPANGA. Hakuna malaika, hakuna tetemeko. Mstari mmoja tu, amekwisha. Halafu Herode anamshika Petro, na usiku ule malaika anaingia gerezani, minyororo inaanguka, Petro anatoka nje anafikiri anaota ndoto.

Kanisa ni lile lile. Mungu ni yule yule. Mmoja amezikwa, mwingine anagonga mlango wa nyumba ya maombi. Kwa nini? Biblia haisemi kwa nini, na mimi sitajifanya ninajua kuliko Biblia. Usimruhusu mtu akwambie kwamba Yakobo alikuwa na dhambi ya siri, au imani yake ilipungua. Usimruhusu akwambie hivyo juu ya ndugu yako pia.

Ila nakuomba umtazame Petro kabla malaika hajafika. Kesho yake alikuwa atolewe nje mbele ya watu. Rafiki yake wa tangu ujana, waliyekuwa wanavua naye, ameshauawa. Yeye amefungwa minyororo miwili, amewekwa katikati ya askari wawili, walinzi wako mlangoni. Anafanya nini? AMELALA! Amelala fofofo mpaka malaika anampiga ubavuni ili aamke. Huyu ndiye Petro aliyekuwa anapiga kelele chomboni! Zamani alishindwa kuelewa Yesu analalaje wakati maji yanaingia. Sasa analala yeye, na maji yamemfika shingoni.

Kitu gani kilimbadilisha? Malaika hajafika bado, kwa hiyo siyo malaika. Hakuahidiwa kwamba ataponea. Kilichokuwa kimetokea katikati ya dhoruba ile na gereza lile ni usiku mmoja wa Alhamisi.

USIKU WA ALHAMISI

Nimekutajia tarehe 13 Aprili 2017. Tazama kalenda: ilikuwa siku ya Alhamisi, na kesho yake ilikuwa Ijumaa Kuu. Wakati damu ile ilipokuwa bado mbichi barabarani Kibiti, makanisa duniani yalikuwa yanakumbuka usiku ambao Yesu aliingia bustanini Gethsemane akijua kwamba wanaokuja kumkamata wako njiani, na mienge wameshawasha.

Usiku huo YESU ALIOGOPA. Usishtuke. Soma Marko 14. Alifadhaika, alihuzunika mpaka karibu ya kufa, akaanguka kifudifudi chini, akamwomba Baba kwamba ikiwezekana jambo lile limwepuke. Aliomba hivyo zaidi ya mara moja. Na wanafunzi wake, Petro na Yakobo na Yohana, walikuwa wamelala! Chomboni yeye alilala na wao wakaogopa. Bustanini yeye aliogopa na wao wakalala. Aliichukua zamu yetu.

Ndiyo sababu sikuambii kwamba kuogopa ni dhambi. Moyo wako ukidunda mlango unapogongwa usiku, hujamkosea Mungu. Yeye mwenyewe katika mwili aliujua mdundo huo. Na jambo aliloomba limwepuke halikumwepuka. Walimkamata, walimpiga, walimtemea mate, wakamtundika. Alikufa kwa ajili ya dhambi zako na zangu, akalazwa kaburini. Siku ya tatu ALIFUFUKA! Petro alikwenda mbio mpaka kaburini akaikuta sanda tu. Baadaye alikula samaki pamoja naye pwani, Yesu mwenyewe ameupalia moto.

Basi mtu aliyekula samaki na mtu aliyekuwa maiti, Herode atamtisha kwa kitu gani? Kwa kumuua? Amekwisha kuona kule upande wa pili kuna nani.

MANENO YA NYUMBANI

Najua unachowaza. "Mhubiri, hayo ni mazuri, lakini wewe hulali kwetu." Ni kweli. Kijana wa pwani akiokoka, mara nyingi vita haianzi na Herode, inaanzia jikoni. Sahani yako haipakuliwi. Washkaji wanakuita mlokole, wanakuigiza unavyoomba. Mchumba anarudisha barua. Mjomba anakuambia ukifa hakuna atakayekuosha. Wengine wamefukuzwa na kibegi chao, hilo lipo.

Nitakuambia kuhusu yule simba tena. Alipouawa, wataalamu walimkagua wakakuta jino lake moja la nyuma limepasuka na chini yake kuna jipu kubwa. Wakasema huenda maumivu yale ndiyo yaliyomfanya aache kuwinda wanyama wenye mifupa migumu. Sikulinganishi mzazi wako na simba, Mungu apishe mbali. Nasema tu kwamba anayenguruma mara nyingi ana pahali panapomuuma. Baba anayekufokea ANAOGOPA. Anaogopa kukupoteza, anaogopa watu watasema nini barazani, anaogopa kwamba siku ya kuzikwa kwake hutakuwepo. Ukimjibu kwa matusi umelikanyaga lile jipu.

Kwa hiyo ukiokoka usirudi nyumbani unakemea watu. Rudi, sema shikamoo baba, shikamoo mama, chukua ndoo ukateke maji. Usitukane dini ya wazee wako. Yesu hakukutuma kutukana. Chakula ukipewa kula na shukuru, usipopewa nyamaza. Ukipigwa, toka uende kwa mtu mzima unayemwamini, maana kuvumilia si kungoja uuawe; Paulo mwenyewe alishushwa ukutani ndani ya kapu akakimbia (Matendo 9). Kuna siku ya kusimama na kuna siku ya kapu. Mwombe Roho Mtakatifu, atakuonyesha ni ipi.

Na wewe uliyepima: Yesu anaponya, mimi naamini hivyo kwa moyo wote, na tutakuombea kwa kuwekewa mikono. LAKINI DAWA ZA HOSPITALI ENDELEA KUZIMEZA. Mtu yeyote asikuambie uzitupe ili kuonyesha imani.

VIJANA WENZAKO

Usidhani mambo haya ni ya wazee wenye mvi. Mwaka 1886 kule Uganda, Kabaka Mwanga aliamuru vijana wa jumba lake waliokuwa wamemwamini Kristo wauawe. Mdogo wao, Kisito, alikuwa na miaka kama 14. Alibatizwa siku chache tu kabla ya kufa, na mkubwa wake, Charles Lwanga. Walitembezwa kwa miguu wakiwa wamefungwa mpaka Namugongo, na tarehe 3 Juni wakachomwa moto. Wengine walikuwa Wakatoliki, wengine Waanglikana. Sisi wa Kipentekoste tunapenda sana kubishana na watu wa madhehebu hayo, lakini motoni pale hapakuwa na ubishi.

Kabaka alitaka wakane tu. Neno moja, na mtu anarudi nyumbani kula ndizi na mama yake. Kisito hakuwa shujaa wa sinema. Alikuwa mtoto aliyekwishajua kwamba huko anakopelekwa hapelekwi peke yake.

Hapa Mtunda hakuna anayekuwekea kuni, mshukuru Mungu kwa hilo. Wewe unaogopa kuonekana na binamu yako ukipita mbele. Sikucheki. Najua hatua zile kutoka kwenye mkorosho mpaka jukwaani ni ndefu kuliko safari ya Dar es Salaam. Lakini Yesu ameshaingia mtumbwini, kasia liko mkononi mwako, wewe bado umesimama ukingoni unaangalia upepo. Mpaka lini? Maji ya 2024 hayakumpigia mtu hodi.

SALA

Kama umeamua, sema maneno haya kwa sauti, au kimyakimya kama uko mahali pa watu. Yeye anasikia zote mbili:

"Bwana Yesu, mimi naogopa, na sitaki tena kuificha hofu yangu kwako. Nimetenda dhambi. Nimetafuta ulinzi mahali pasipo na uzima. Naamini ulikufa kwa ajili yangu na ukafufuka. Nisamehe. Nioshe kwa damu yako. Ingia katika mtumbwi wangu leo. Upepo ukitulia ni wewe, na usipotulia ubaki na mimi. Wasamehe walionitendea mabaya, na unifundishe mimi kuwasamehe, maana bado siwezi. Nipe Roho wako Mtakatifu. Amina."

Umeomba? Basi njoo jukwaani, wako kaka na dada wamesimama upande wa kulia, wataomba na wewe na kukuandikisha. Hatutozi hela. Kama una hirizi kiunoni au mkononi, uliyofungwa wewe, ilete. Ya bibi yako iliyo juu ya mlango usiiguse, siyo yako. Kama huwezi kuja kwa sababu ya nyumbani, usivunjike moyo. Mtafute mlokole mmoja unayemjua, hata yule mliyekuwa mnamcheka, umwambie leo leo kabla hujalala. Anza kusoma Injili ya Marko, sura moja kwa siku, zipo 16. Kesho mkutano unaanza saa 9 alasiri, na tutafunga kabla giza halijaingia. Wanaotoka mbali wakae pamoja baada ya maombi, vijana wa kwaya watawasindikiza mpaka njia panda.